Maisha ya Pelagia Mugeta, Aliyetusomea Matamko

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kigera, ndugu zetu mliotoka Nyamuswa alfajiri, na wenyeji wetu wa hapa Butiama: familia imenituma mimi, Florian Mugeta, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu. Wiki hii nimeombwa na zaidi ya mtu mmoja, kwa upole sana, nifupishe. Familia ilikaa, ikakataa. Yaliyochapwa kwenye programu mliyoshika ndiyo nitakayosoma, yote.

Pelagia Mugeta alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 Nyamuswa, wilaya ya Bunda, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mugeta na Mama Wegesa, ambaye tunaye hapa, amekaa chini ya turubai la kwanza. Alibatizwa akiwa mchanga katika Kanisa Katoliki, kama watoto wote wa nyumba ile. Baba alilima pamba na kufuga ng'ombe wachache. Mama anasema Pelagia alianza kuongea kabla ya kutembea, na alipoanza kutembea hakupunguza kuongea.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982 palepale Nyamuswa. Kulikuwa na duka la Mzee Abdulkadiri karibu na mabasi yanaposimama, na gazeti lilimfikia kutoka Mwanza likiwa limechelewa. Macho ya mzee yule yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo Pelagia alipotoka shule alipanda juu ya kreti la soda akamsomea. Abiria nao walisogea kusikiliza. Siku moja alisoma habari ya tetemeko la ardhi katika nchi fulani ya mbali, akasoma mbio kama anayekimbizwa na mvua. Alipomaliza akauliza, "Mzee, hawa watu tunawajua?" Abdulkadiri akamjibu, "Hatuwajui. Na ukisoma hivyo hatutawajua kamwe. Rudia, pole pole." Akarudia. Akapewa kashata. Mzee Abdulkadiri alifariki zamani, lakini watoto wake wametuma salamu za pole kutoka Bunda mjini, na tunawashukuru.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1993, akakaa nyumbani, kisha mwaka 1996 akaenda Mwanza kusomea uandishi wa habari ngazi ya cheti. Aliporudi alifanya kazi ya uchapaji katika ofisi moja pale Mukendo, Musoma, na tangu mwaka 2006 alikuwa mtangazaji wa redio mjini humo. Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Mtu alimwuzia nyanya sokoni, na alipofungua tu kinywa kuuliza bei, mwenye nyanya alisema, "Kumbe ndiye wewe!"

Pale Mukendo ndipo alipokutana na Silasi Masatu, fundi wa redio na vipaza sauti, na mwalimu wa kwaya katika kanisa dogo la Waadventista Wasabato ambalo washiriki wake waliliita Bethania. Pelagia alibatizwa katika kanisa hilo, ziwani, mwezi Agosti 1998, na tarehe 25 Aprili 1999 walifunga ndoa. Baba yetu hakufurahi. Mama alilipokea kwa njia yake. Walipokuja Nyamuswa mara ya kwanza kama mume na mke, mama alipika kamongo, samaki ambaye Pelagia alimpenda tangu utoto kuliko hata nyama ya kuku. Pelagia akasogeza sahani pembeni.

Mama akauliza, "Kwani kamongo amemkosea nini Mungu?"

"Mama, kamongo hana magamba. Kwa imani yetu hatumli."

"Na wewe unayo?"

Silasi alicheka mpaka akatoka nje. Tangu siku hiyo mama alimhesabu kuwa mwanawe, na kila walipokuja alimtafutia sato, samaki mwenye magamba. Mungu aliwajalia watoto wawili: Wegesa, aliyepewa jina la bibi yake, na Masatu, aliyepewa jina la babu.

Mwaka 2008 Pelagia alichaguliwa kuwa katibu wa mawasiliano wa Bethania. Kwa wasiofahamu, Kanisa la Waadventista, kama makanisa mengine makubwa, hutoa matamko juu ya mambo ya dunia: vita, wakimbizi, njaa, ukatili ndani ya nyumba, uharibifu wa misitu na maji. Yalikuwa yanakuja kwa Kiingereza kizito. Pelagia aliyaweka katika Kiswahili ambacho bibi wa Butiama na kijana wa bodaboda wa Nyamuswa wote wanakielewa, akayasoma kanisani siku ya Sabato, na Jumapili mchana akayasoma tena redioni katika kipindi cha kanisa.

Bethania wakati huo lilikuwa kanisa la kupanga, na madawati ya kuazima. Lakini lilisema. Ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa katika mikoa yetu ya ziwa, watu wengi walinong'ona tu. Pelagia aliandika tamko, akamwonyesha mzee wa kwanza wa kanisa, Mzee Wanzagi. Mzee Wanzagi alisoma akiwa amesimama, akasema, "Soma, dada. Na mimi nitasimama karibu yako." Akasimama kweli. Familia inaliandika hilo kwa sababu ni haki yake.

Miaka ikaenda, na Bethania likakua. Likapata kiwanja, likajenga, likapata vyombo vya muziki na kwaya tatu. Wakubwa wakaanza kualikwa kuwa wageni rasmi, na wakaja. Pelagia alilifurahia jambo hilo kama mama anavyofurahia mtoto kurefuka. Lakini kuna siku alirudi kutoka kikaoni akamwambia Silasi, na Silasi ndiye aliyenisimulia: "Zamani tulisemaga lolote, maana hakuna aliyetusikiliza. Sasa wanatusikiliza, tumeanza kuogopa."

Mwezi Machi 2020 alisoma tamko juu ya ugonjwa wa Korona uliokuwa unaua watu Italia. Niliambiwa kanisa lilipiga magoti, na kuna akina mama waliolia. Waliwalilia Waitaliano ambao hawakuwahi kuwaona. Dada yangu aliniambia kwamba Sabato ile alijivunia kanisa lake kuliko siku nyingine yoyote.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nifupishe.

Jumapili tarehe 24 Januari 2021 kamati ya Bethania ilikaa kuandaa mkutano mkubwa wa injili uliokuwa unaanza Bunda Sabato iliyofuata. Ugonjwa ulikuwa umesharudi. Watu walikuwa wanazikwa, na kila aliyezikwa ilisemwa alikuwa na kifua, au nimonia, au changamoto ya upumuaji. Pelagia aliingia kikaoni na karatasi moja. Alikuwa ameandika kwamba mkutano uahirishwe, na kama haiwezekani, watu wakae mbalimbali, wavae barakoa, kwaya zisisimame bega kwa bega, na mwenye homa abaki nyumbani. Mzee Wanzagi alikuwa mwenyekiti. Mazungumzo yao nayaandika kama dada alivyonisimulia, na Mzee Wanzagi ameniambia kwamba ndivyo yalivyokuwa.

"Dada Pelagia, hili ni tamko la nchi gani?"

"La hapa, Mzee. La Musoma na Bunda."

"Hapa ugonjwa huo haupo. Wakubwa wameshasema."

"Mzee, umezika mara mbili wiki hii, wewe mwenyewe ukiongoza. Walikufa na nini?"

"Kifua."

"Kifua gani?"

Mzee Wanzagi akamrudishia karatasi yake. Kisha akasema, "Mahema yameshasimamishwa Bunda. Mgeni rasmi ameshathibitisha. Kanisa linakua, dada, usituletee moto. Tuwaombee watu wa Italia, tuwaombee na wa Amerika. Haya ya hapa tumwachie Mungu."

"Basi Sabato nisome nini?"

"Kuna lile la njaa, lililokuja Desemba. Soma lile."

Na alisoma lile. Tarehe 30 Januari alisimama kanisani Musoma akasoma tamko la njaa, wakati mume wake yuko Bunda na kwaya, ndani ya hema, bega kwa bega.

Alikuwa amemzuia. Walibishana jikoni, Wegesa binti yao akiwapo. Silasi alisema, "Kwaya haina mwalimu mwingine. Nisipoenda watasema wewe ndiye umenifunga."

"Waseme. Mimi nimezoea kusemwa."

"Nitasimama mbali nao, mke wangu."

"Mwalimu wa kwaya anasimama mbali na kwaya?"

Akasema atajitahidi, akabeba begi lake, akaenda. Mkutano ulichukua wiki tatu. Mamia ya watu walibatizwa, na sisi hatulidharau jambo hilo. Kuna waliobatizwa kule ambao leo ndio wamechimba kaburi hili. Lakini taarifa ya mkutano ilipotumwa huku na huko, na picha za watu wakitoka majini, haikutaja hata jina moja la wanakwaya waliorudi Musoma wakikohoa. Wengine walipona. Wengine majina yao yako kwenye misalaba, na mnayajua.

Silasi alirudi nyumbani kwao Kigera na homa tarehe 17 Februari. Pelagia alimuuguza peke yake, akawatuma watoto kwa rafiki. Jirani yao Shamsia, anayeuza maandazi, alijifunga khanga mdomoni kila asubuhi akapitisha chakula na maji ya moto juu ya ua, na kila alipopitisha aliita jina la kila mmoja wao mpaka aitikiwe. Washiriki wa Bethania walipiga simu. Jumatano tarehe 24 Februari 2021, Silasi Masatu alifariki akiwa anashushwa kwenye gari mlangoni mwa hospitali.

Aliletwa hapa Butiama, kwa wazazi wake, akazikwa pale mnapoona msalaba wa saruji. Mke wake hakuwepo. Naye alikuwa amelala Kigera, hawezi kukaa, hawezi kumaliza sentensi. Wegesa alishika simu juu ya kaburi, na mama yake akasikiliza mazishi ya mume wake akiwa kitandani, Shamsia amemwinua kichwa. Alisikia mahubiri. Alisikia nyimbo. Alisikia wasifu ukisomwa, na ulipofika kwenye ugonjwa akasikia "changamoto ya upumuaji." Shamsia anasema hapo ndipo alipoomba simu izimwe.

Pelagia alipona kwa jinsi ile ya kupona nusu. Mapafu yake hayakurudi. Akapanda ngazi tatu, akapumzika. Redioni akawa anasoma sentensi fupi.

Mwezi Septemba mwaka huo huo mambo yalikuwa yamebadilika. Chanjo ilikuwa imefika, wakubwa walikuwa wameichoma hadharani, na kanisa lilikuwa na tamko la kuwashauri watu wachanje. Sasa ugonjwa ulikuwepo. Mzee Wanzagi na wenzake wawili walikwenda Kigera kumwona Pelagia.

"Dada, watu wanakuamini wewe," Mzee Wanzagi alimwambia. "Wengi wanaogopa chanjo. Wanasema ni alama ya mnyama. Ukisoma wewe, watasikia."

Aliwaandalia uji, wakanywa. Akasema, "Nitasoma, kwa sababu ni kweli."

Sabato ya tarehe 11 Septemba 2021 alisimama akasoma tamko lote, pole pole, bila kuruka neno. Alipomaliza hakuketi. Akasema maneno yafuatayo, ambayo kanisa zima lilisikia: "Mume wangu Silasi alikufa kwa ugonjwa huu mwezi wa pili. Alikufa kwa Korona. Tulijua upo. Nilileta maneno haya haya mwezi wa kwanza nikaambiwa nisome ya njaa. Naomba walio hai wachanje."

Mwimbishaji alianza wimbo kabla Pelagia hajafika kwenye kiti chake.

Kesho yake kipindi cha kanisa redioni kilisomwa na mtu mwingine. Mwisho wa mwaka, kamati ya mapendekezo ilipoleta majina ya viongozi wapya, jina lake halikuwemo, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Waliopinga chanjo walimwita wakala wa wazungu. Waliounga mkono chanjo walisema ana uchungu, tumvumilie. Kwa miaka karibu minne dada yangu alikuwa mtu wa kuvumiliwa.

Mimi nilimwambia, "Rudi kwetu Nyamuswa. Rudi hata katika kanisa la baba." Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo nimevunja chungu. "Florian, mimi sikubatizwa kwa ajili ya Mzee Wanzagi." Kila Sabato alikwenda. Alikaa dawati la mwisho karibu na mlango, apate hewa. Kijana aliyechukua nafasi yake alisumbuka na majina ya miji ya Ukraina na baadaye ya Gaza. Ijumaa mchana alikuwa anapita Kigera kwa siri, na Pelagia alimfundisha kuyatamka. Akimwuliza kama tamko limeandikwa vizuri, alimjibu, "Limeandikwa vizuri. La hapa lipo?" Kijana alikunja karatasi yake, na Pelagia hakumlazimisha.

Tangu Agosti 2024 hakuweza tena kuishi bila mashine ya oksijeni. Alikuwa nayo chumbani Kigera, na mtungi wa akiba kwa siku ambazo umeme unakatika. Wegesa aliacha kazi Bunda akaja kumhudumia. Mwezi wa tano mwaka huu alianza kuvimba miguu, madaktari wakasema moyo umechoka kusukuma damu kwenye mapafu yale. Alilazwa Jumapili tarehe 1 Juni. Siku ya Jumanne aliniita karibu akaniambia mambo mawili. La kwanza, azikwe kando ya Silasi. La pili nalinukuu: "Kwenye wasifu wangu msiandike changamoto. Andikeni jina."

Alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni 2025 hapo Musoma, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, Wegesa na Shamsia wakiwa kitandani pake. Familia inaandika kama alivyotaka: Pelagia Mugeta Masatu amekufa kwa madhara ya Korona, aliyoambukizwa akimuuguza mume wake, aliyeambukizwa ndani ya hema kule Bunda, katika mkutano ambao Pelagia mwenyewe aliomba uahirishwe.

Ijumaa kanisa lilitoa tamko la rambirambi. Limeandikwa vizuri. Linasema marehemu alikuwa "sauti ya kanisa isiyoogopa." Tunashukuru. Sisi ndugu zake tulilisoma mara kadhaa tukitafuta mahali panaposema ilikuwaje sauti hiyo ikahamia dawati la mwisho, hatukupaona.

Jana, jua likiwa bado juu, Mzee Wanzagi alifika hapa msibani peke yake. Nilimwonyesha maandishi haya kwa sababu jina lake limo, na mtu hasomwi hadharani bila kuambiwa. Aliyasoma akiwa amesimama, kama alivyosimama mwaka ule wa ndugu zetu wenye ualbino. Alipomaliza alisema, "Usipunguze. Na uongeze kwamba tulijua."

Nikamwuliza, "Kama mlijua, Mzee, mbona hamkusema?"

"Tulikuwa tumejenga kitu kikubwa, mwanangu. Tuliogopa kisije kikabomoka mikononi mwetu."

"Na Silasi?"

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kofia. Nilimpa chai. Zaidi ya chai sijaweza, na sitadanganya mbele ya jeneza la dada yangu kwamba nimeweza. Yupo hapa, mstari wa mbele, na nimeyasoma haya kwa ruhusa yake.

Marehemu ameacha mama mzazi, Mama Wegesa, ambaye ameshazika mume na sasa anazika mtoto. Watoto wawili, Wegesa na Masatu. Mjukuu mmoja wa kike, mwenye umri wa miezi saba. Ndugu watatu, nikiwemo mimi. Mashemeji na mawifi wa nyumba hii ya Masatu. Na Shamsia wa Kigera, ambaye si wa ukoo wala si wa kanisa, na ambaye mama ametuagiza tumwandike hapa katikati ya watoto wake.

Kanisa la dada yangu linafundisha kwamba wafu hawajui neno lolote. Kwa imani hiyo, Pelagia hakusikia chochote katika haya niliyosoma. Mliosikia ni ninyi.

Alale salama kando ya mume wake, mpaka Bwana atakapowaita wote wawili.